Risasi Nyuma ya Mlango

Runji alikutwa Jumapili saa kumi na dakika hamsini jioni, chini ya ndoano za bucha yake pale Mikinduri, koo limekatwa sikio hadi sikio. Aliyekutwa naye ni Rashid, mchinjaji wake, mikono imelowa damu mpaka viwikoni. Na kisu kilikuwa cha Rashid. Watu wakataka ushahidi gani tena? Koplo Karimi alipofika, walikuwa wameshamng'oa meno mawili na kumvisha tairi.

"Petroli iko wapi?" mtu alifoka.

Karimi akafyatua risasi hewani, akamkokota Rashid ndani ya bucha, akakomea mlango. Mawe yakaanza kunyesha kwenye mabati. Askari wenzake walikuwa bado njiani kutoka Meru, na mlango ule wa mbao haungemaliza nusu saa. Mungu wangu, huyu atachomwa mbele yangu, aliwaza.

"Nasikia jana mligombana," alimwambia.

"Juu ya sinema, madam." Rashid alitema damu. "Mwisho, ndugu wawili wanaingia chumbani, mmoja polisi, mmoja jambazi. Mlango unafungwa, risasi inalia. Basi. Mimi nikasema polisi ameua ndugu yake. Runji akasema hapana, jambazi amejiua kwa aibu. Tukashikana mashati. Leo nikairudia, na ilipoisha nikakimbia kumwambia ameshinda. Nikamkuta hivi. Nilikuwa nazuia damu, wallahi!"

Ameshinda? Sinema si ni ile ile? Karimi aliwaita kwenye dirisha la nyuma, lenye nondo, watu wawili: Njagi, mdogo wa marehemu, na Mithika, anayetafsiri sinema kwa maikrofoni katika kibanda cha jirani.

"Ulikuwa wapi, Njagi?"

"Kwa video, afande. Saa tisa mpaka mwisho."

"Iliishaje?"

"Si polisi alipiga ndugu yake risasi? Mithika mwenyewe alisema, watu wakalia."

Mithika alishtuka. "Hiyo ni ya jana! Usiku Runji alinipigia simu, tukabishana mpaka nikakubali. Leo nimesema jambazi amejiua. Njagi, wewe ulitoka saa ngapi?"

Njagi aligeuka kukimbia. Karimi akapenyeza mkono, akamdaka kola, akamgongesha uso kwenye nondo mara tatu mpaka pua ikapasuka.

"Kwa nini?"

"Yule fahali nilimletea alikuwa wa wizi!" Njagi alilia. "Akasema kesho ananipeleka polisi yeye mwenyewe. Ndugu wa tumbo moja! Nikachukua kisu cha Rashid, nikajua mtaamini."

Lo, mdhaniwa ndiye, kumbe siye! Umati ulisikia. Wale wale, bila hata kumwomba Rashid radhi, wakazunguka nyuma na mawe yao, na tairi lingine likabingirishwa. Jiwe la kwanza lilimpata Njagi begani, la pili shavuni. Karimi akamwachia kola, akatoka mbio, akazunguka nyuma na kusimama mbele yake, bastola mkononi. Alikuwa peke yake, nao walikuwa mia.

Rashid akatoka nyuma yake, anachechemea, damu ya rafiki yake imemkaukia mikononi. Akasimama kando ya Karimi.

"Runji alitaka huyu aende polisi," alisema, maneno yakipita kwa shida kwenye mapengo. "Basi ataenda polisi. Anayetaka kurusha, aanze na mimi tena."

Mwenye petroli aliangalia chini. Gari la polisi lilipofika saa kumi na mbili kasorobo, Rashid alikuwa bado amesimama pale.