Pomboo wa Tante Kasoki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Katungu alichota maji. Alitoka nyumbani kwao Ndosho na bidoni ya manjano, dumu la plastiki, akapita njia ya mawe meusi ya volkano hadi kwenye bomba la mtaa, akapanga foleni nyuma ya akina mama, akajaza, akarudi. Kisha alifagia mlangoni, akanawa uso na miguu, akavaa sketi ya buluu na blauzi nyeupe, akanywa chai na kipande cha mkate. Wakati huo mama yake alikuwa ameshaketi kwenye cherehani, mbele ya nyumba, akishona nguo za watu.

Tangu vakansi kubwa, ile likizo ndefu ya shule, Katungu alizifanya kazi hizo kama mtu anayetembea usingizini. Chai ikiwa moto, ikiwa baridi, kwake ilikuwa chai tu. Mama alipomwuliza kama amelala vizuri, alijibu, "Ndiyo, Mama." Mama hakuuliza zaidi. Naye alikuwa hivyo hivyo.

Sababu yake ilikuwa Tante Kasoki.

Tante Kasoki alikuwa mdogo wa mama yake Katungu. Alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka katika meli kubwa ya watalii. Meli ile ilizunguka baharini, ikisimama siku moja hapa na siku moja pale, watalii wakashuka kutembea, kisha ikaondoka tena. Mwaka huo Tante alituma habari kwamba mwezi wa Desemba meli yao ingesimama Zanzibar tangu asubuhi hadi jioni, naye alikuwa ameomba ruhusa ya siku hiyo.

"Nitawatumia tiketi za basi na za boti, wewe na mama yako," alisema katika simu. "Tutakutana bandarini. Tutaenda kuogelea na pomboo."

Katungu hakulijua neno pomboo. Tante akamweleza kuwa ni yule mnyama wa baharini ambaye kitabu chao cha Kifaransa kilimwita *dauphin*, mwenye mdomo mrefu, anayeruka juu ya maji. Tangu hapo, kila juma walipanga. Watavaa nini. Watakula nini kwanza, samaki au pilau. Nani atatangulia kuingia majini. Katungu aliwasimulia wanafunzi wenzake wote wa darasa la tano, na kila mmoja alikuwa na ushauri wa kumpa.

Halafu, katikati ya vakansi, simu ya Mama iliita wakati anashona, na aliyepiga alikuwa babu. Alisikiliza. Alisema, "Ndiyo. Ndiyo. Asante, Papa." Aliweka simu chini, akaumaliza mshono aliokuwa ameuanza, akakata uzi. Ndipo akasema, "Katungu, Tante yako amefariki. Ni homa. Watamzika huko huko meli iliposimama."

Matanga yalifanyika Butembo, kwa babu na bibi. Barabara haikuwa salama wakati ule, kwa hiyo Katungu na mama yake hawakwenda. Majirani wachache walikuja, wakaketi, wakaondoka. Mama aliishusha picha ya Tante ukutani akaiweka ndani ya sanduku la vitambaa. Katungu hakulia. Alingoja kilio kije kama mtu anavyongoja kupiga chafya, lakini hakikuja. Tangu siku hiyo jina la Kasoki halikutajwa tena katika nyumba ile.

Shule zilipofunguliwa Septemba, wakiwa sasa darasa la sita, Nishimwe alikuwa wa kwanza kumkimbilia. Nishimwe alikuwa rafiki yake na jirani yake wa dawati, msichana wa maneno mengi na kicheko kikubwa, binti wa Papa Havugimana, fundi wa vitanda na meza pale pale Ndosho.

"Safari imefika wapi?" aliuliza. "Bado ni Desemba?"

Katungu alifungua kinywa aseme kwamba Tante amekufa. Maneno yalikuwepo, matatu au manne tu. Lakini uso wa Nishimwe ulikuwa umejaa furaha, na kifuani mwa Katungu hamkuwa na kitu chochote.

"Bado ni Desemba," alisema.

Basi ikawa hivyo. Nishimwe aliuliza kila siku, na Katungu alijibu. "Tante amesema pomboo hawapendi kelele." "Tante amesema maji ya kule yana chumvi, huwezi kuyanywa." Alipolitaja jina la Tante shuleni, Tante alikuwa bado yuko melini anapiga pasi. Aliporudi nyumbani, hakuwepo. Katungu hakuona kuwa anadanganya, wala hakuona kuwa anasema kweli. Alisema tu.

Siku moja wakati wa mapumziko, Nishimwe alisimama ghafla, mkono kiunoni.

"Ngoja kwanza! Wewe hujui kuogelea."

"Sijui," Katungu alikubali.

"Sasa utaingiaje baharini? Pomboo watakucheka! Jumamosi twende Keshero, ziwani. Binamu yangu alijifunza kwa bidoni tupu. Unaifunga kifuniko, unaikumbatia, unapiga miguu. Mimi nitajifunza kwanza, halafu nitakufundisha."

"Wazazi watakubali?"

"Tutasema tunakwenda kufua."

Katungu alipaswa kukataa. Hata yeye alijua hivyo. Lakini kukataa kulihitaji sababu, na sababu ilikuwa moja tu.

"Sawa," alisema.

Jumamosi walibeba nguo chache ndani ya beseni na bidoni mbili tupu, wakashuka kwa miguu hadi Keshero. Ziwa Kivu lilikuwa limetulia. Ufukweni akina mama walikuwa wakifua, na mashuka yao yalikuwa yametandazwa juu ya mawe. Watu wengine walikuwa wakichota maji. Wasichana wale wawili walisogea pembeni kidogo, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuwauliza maswali.

Mawe ya pale yalikuwa ya volkano, makali kando na yenye utelezi chini ya maji. Nishimwe aliingia akiwa amekumbatia bidoni yake, akapiga miguu, akacheka kwa sauti. Katungu alisimama maji yakiwa magotini. Alijua kwamba yalikuwa baridi kwa sababu aliona ngozi yake ikisisimka.

"Inabeba! Katungu, inabeba!" Nishimwe alipaza sauti. "Sasa niambie, Tante anasema mtu akichoka anafanya nini?"

Tante hakuwahi kusema lolote kuhusu jambo hilo.

"Anasema ujilegeze," Katungu akajibu. "Ukijilegeza, maji yanakubeba yenyewe. Hata pomboo wanakuja kukubeba."

"Kweli?"

"Kweli."

Nishimwe aliiachia bidoni. Alilala chali juu ya maji, mikono kaitandaza, akijilegeza kama alivyoambiwa. Alizama. Aliibuka mara moja akikohoa, akatafuta chini kwa mguu, lakini pale chini palikuwa pameishia. Ufuko wa Keshero hauteremki polepole. Mwamba unakatika, na baada yake ni kina kirefu. Bidoni ilikuwa imeshasukumwa mbali. Nishimwe akazama tena.

Katungu aliona yote. Aliuona mkono wa rafiki yake ukipiga maji. Alijiambia apige kelele, na mwili wake haukusikia. Alisimama vile vile, kama anatazama jambo linalotokea mbali sana, kwa watu asiowajua. Kisha mkono ule ukatoweka, na hapo kitu kilimpasuka kooni.

"Anakufa!" alipiga ukelele. "Mama! Anakufa! Njooni, anakufa!"

Mama Emerance, mama mnene aliyekuwa akifua karibu yao, hakuuliza kitu. Alinyakua shuka lake bichi, akakimbia juu ya mawe, akamwita mwenzake amshike mkono. Aliingia hadi kifuani, huku mwenzake amemshika kwa nyuma, akalirusha shuka. Mara ya kwanza halikufika. Nishimwe aliibuka tena, macho wazi, hasemi kitu. Shuka likarushwa tena, likamwangukia mkononi, akalishika. Wakamvuta.

Walimlaza kwa ubavu juu ya mawe. Alitapika maji, akakohoa, akatapika tena. Mguu wake ulikuwa umechanika kuanzia gotini hadi karibu na kifundo, na damu ilichuruzika juu ya jiwe jeusi. Mama Emerance alimfunika kwa kitenge chake, akamkalisha kifuani pake kama mtoto mchanga.

"Mutoto wangu, pumua. Polepole. Uko na sisi sasa." Alipoona pumzi imerudi, aliuliza kwa ukali, "Nani aliwaambia muache bidoni na mulale juu ya maji marefu?"

"Tante ya Katungu," Nishimwe alisema huku meno yakigongana. "Yuko kwenye meli. Yeye anajua mambo ya maji."

Mama Emerance alimgeukia Katungu. "Basi nipe namba ya simu yake. Nataka niongee naye sasa hivi. Mutu mukubwa hawezi kuwaambia watoto maneno kama hayo."

Wanawake wote walikuwa wakimtazama. Katungu alitazama damu kwenye jiwe.

"Hawezi kupokea," alisema.

"Kwa nini?"

"Alikufa. Wakati wa vakansi. Hakusema hayo maneno. Niliyasema mimi."

Nishimwe aliinua kichwa kutoka kifuani kwa Mama Emerance, akamtazama rafiki yake kwa muda mrefu.

"Yote?" aliuliza. "Hata pomboo kutopenda kelele? Hata chumvi?"

"Chumvi ni kweli. Mengine ni yangu."

Nishimwe aligeuza uso upande mwingine.

Katika kituo cha afya muuguzi alimsikiliza Nishimwe kifua, akamsafisha jeraha, akalishona. Papa Havugimana alikuja mbio kwa pikipiki, vumbi la mbao bado liko nyweleni. Alimshukuru Mama Emerance kwa mikono miwili. Kwa Katungu hakusema neno, na Katungu alirudi Ndosho peke yake na beseni la nguo.

Alimkuta Mama kwenye cherehani. Alimsimulia yote akiwa amesimama, tangu siku ya kufunguliwa shule hadi kwenye jiwe lenye damu, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka. Mama aliondoa mguu kwenye kanyagio. Kisha alifungua sanduku la vitambaa, akatoa picha ya mdogo wake, akairudisha ukutani.

"Vaa viatu," alisema. "Twende kwa akina Nishimwe."

Papa Havugimana aliwakaribisha kwenye mabenchi aliyoyatengeneza mwenyewe. Nishimwe alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umefungwa bendeji.

"Papa, mutusamehe," Mama alisema. "Mutoto wangu amekosa. Na mimi pia nimekosa, kwa sababu nyumbani kwetu tumeficha msiba kama kitu cha aibu."

Katungu alipiga magoti kando ya mkeka. "Nishimwe, nisamehe. Sikutaka uumie. Sikujua namna ya kusema."

Nishimwe alichezea ncha ya bendeji. "Nimekasirika sana," alisema. "Kama ungeniambia, ningekuja kwenu kwenye matanga. Ningekaa na wewe. Wewe uliniacha nipange safari ya mutu aliyekufa." Akaiachia bendeji. "Sasa niambie kitu kimoja alichokisema kweli. Kimoja tu. Usiongeze."

Katungu alifikiri. Kwa siku nyingi alikuwa amemwekea Tante kinywani maneno ambayo si yake, hata ikawa vigumu kuisikia sauti yake halisi.

"Alisema yeye mwenyewe hakuwahi kuogelea nao," alianza taratibu. "Aliwaona mara moja tu, migongo yao, alipopanda juu kupumzika. Alisema anaogopa maji. Hata kuogelea hajui, miaka yote ile melini. Ndiyo maana alitaka twende sote watatu. Alisema mimi nitamshika mkono huu, na Mama..."

Hakuweza kumaliza. Machozi yalianza kutoka, kwanza bila sauti, kisha kwa kwikwi zilizomtikisa mabega. Mama yake alishuka kutoka kwenye benchi akakaa chini naye. Naye alikuwa analia. Nishimwe alinyoosha mkono akaishika ncha ya sketi ya Katungu, akaendelea kuishika.

Papa Havugimana alingoja mpaka walipotulia. Ndipo akasema:

"Sikilizeni, watoto, nyote wawili. Wewe, Nishimwe, ulituambia unakwenda kufua. Kama tungejua ulikokwenda, ungekwenda na mutu mukubwa anayejua maji. Mutu hajifunzi kuogelea kwa siri. Na wewe, Katungu, sikuchukii. Ninajua msiba unaweza kumfunga mutu kinywa. Kunyamaza si kosa. Ungesema, 'Leo sitaki kuongea habari za Tante,' binti yangu angengoja. Lakini ulijaza mahali pa ukweli kwa maneno ya uongo, na mwenzako akayaamini, akalala juu yake kama juu ya kitanda. Hayakuwa na mbao. Jumatatu utawaambia wenzako darasani ukweli wote. Nishimwe atakuwa amekaa karibu yako."

"Ndiyo, Papa," Katungu alisema.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa la sita. Alisema: Tante Kasoki amefariki, hakuna safari, na karibu maneno yote aliyoyasema tangu Septemba aliyatunga yeye. Mwalimu aliwaomba wanafunzi wasimame kwa dakika moja kumkumbuka Tante wa mwenzao. Walisimama wote, hata Nishimwe, kwa mguu mmoja, akiegemea dawati.

Jioni ile Mama alifunga cherehani mapema. Alikaa na Katungu mlangoni na sahani ya ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kati yao.

"Tangu leo," alisema, "ukimkumbuka, niambie. Hata nikiwa nashona, niambie. Mimi pia nitakuambia. Kitu kikituumiza, tutakisema kilivyo, mwanangu, ndipo watu watajua namna ya kutusaidia."

Katungu alichukua tonge. Sombe ilikuwa imezidi chumvi kidogo.

"Mama," alisema, "ninamkumbuka sasa hivi."

"Haya," Mama akasema, akamsogelea. "Niambie."