Mlinzi wa Benzaiten

Kufuli lilikuwa limevunjwa kwa jiwe. Ndani ya kile kihekalu kidogo cha mbao, juu ya mwamba wa Suguti kando ya ziwa, Benzaiten hakuwepo. Sanamu ya mungu huyo wa kike wa Kijapani, mwenye zeze mapajani, mlezi wa muziki na sanaa, ilikuwa imechukuliwa pamoja na kikombe chake cha maji, yale aliyobadilishiwa kila asubuhi.

Inspekta Rhobi alifika kutoka Musoma mvua ikiwa imekatika.

"Nyayo za gambuti, afande," alisema Konstebo Fredi. "Zinaishia kwenye ngazi."

"Na ndani?"

"Sakafu safi."

"Mwizi gani anavunja kufuli, halafu anavua viatu?"

Rhobi aliinama. Kando ya ngazi gambuti ziliacha alama topeni, ncha zikitazama ziwa, si mlango. Watu wa Suguti huvua viatu vikitazama mlango. Aliyekuwa akivigeuza vitazame nje ni Bi Tomoko, mwalimu wa muziki kutoka Japani aliyejenga kihekalu, naye alizikwa mwaka juzi.

Rhobi na Fredi wakaenda kwa Masatu, mlinzi wa kihekalu. Mlangoni pake gambuti zilikuwa zimeoshwa. Zilitazama nje.

"Mzee Masatu, nani alikufundisha kuzigeuza hivi?"

"Bi Tomoko. Mikono ilishazoea, mama."

"Ilizoea hata jana, ukienda kuiba?"

Masatu akaketi.

"Yuko chini ya kitanda."

"Ulitaka kumuuza?"

"Hapana! Mke wangu Esta amepooza, yuko Butiama kwa dada yake. Kila siku ananiitaga. Na mimi nilimwapia Bi Tomoko akikata roho: sitamwacha Benzaiten peke yake. Neno ulilompa mtu anayekufa, kwetu halirudishwagi. Nikasema, mimi siwezi kumwacha. Je, yeye akiniacha, watu wakijua kaibwa?"

"Mbona hukuondoka?"

"Nilifika barabarani na begi. Nikamwona moyoni, yuko gizani peke yake. Nikarudi."

Rhobi alimwonea huruma, lakini kazi ni kazi. Akavuta kifurushi uvunguni. Sanamu ilikuwa imeviringishwa kwa kitenge cha Esta. Kando yake kikombe kilijaa maji safi.

Fredi alitoa pingu. Masatu akanyoosha mikono.

"Tukupigie simu Butiama?" aliuliza Rhobi. "Esta tumwambie nini?"

Mzee alikitazama kifurushi.

"Afande, huko kituoni nani atambadilishia maji?"