Vipimo vya Televisheni ya Mzee Futi

Mzee Futi alikuwa fundi cherehani. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu futi kamba haikutoka shingoni mwake. Hata akienda kuoga, mkewe alilazimika kumkumbusha aivue.

Alishonea barazani kwake. Kando ya cherehani aliweka daftari nene, na kila mteja alikuwa na ukurasa wake. Aliandika mabega, kiuno na urefu wa mkono. Chini yake aliongeza maneno machache: "Anapenda mifuko mirefu." "Bega la kushoto limeshuka." Mtu asiye na ukurasa hakukatiwa kitambaa.

Ni mtu mmoja tu aliyeshonewa bila ukurasa, naye ni mkewe.

"Huyu vipimo vyake viko kichwani," Mzee Futi alijigamba.

Watoto wao walikuwa wameshakua na kuhama. Jioni, wazee hao wawili walikaa kwenye kochi na kuangalia tamthilia. Mke alikuwa mcheshi. Aliwagombeza watu wabaya wa kwenye tamthilia kana kwamba wanamsikia, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mzee Futi alipenda kicheko kile kuliko tamthilia yenyewe.

Kisha televisheni yao ikaharibika. Binti yao akawatumia mpya, ile inayotumia intaneti.

"Baba, chagueni wenyewe huduma ya kujiunga nayo," alisema kwenye simu. "Ziko nyingi. Kila moja ina vipindi vyake."

Nyingi! Mzee Futi alikuna kichwa. Siku hiyohiyo dereva wa lori alikuja kupimwa suruali.

"Mzee, jiunge na hii yangu," dereva alisema. "Ina mpira, ina ngumi, ina sinema za vita. Utasahau kushona!"

"Kweli?"

"Lete simu nikuunganishe. Namba yako ya siri ya kulipia ni ipi?"

Mzee Futi akaitaja namba hiyo hapohapo barazani, wateja wengine wakiwa wamekaa wanasikia. Malipo yakapita. Alifurahi sana.

Jioni aliwasha televisheni na kumwita mkewe. Walikaa. Mabomu yakalipuka. Picha ikaganda, kiduara kikazunguka katikati ya kioo, kisha mabomu yakaendelea. Baada ya dakika kumi mke akainuka.

"Nakwenda kukunja nguo, Baba. Wewe angalia tu."

Kesho yake alikwenda kupanga vyombo. Siku ya tatu alisema ana usingizi, na jua lilikuwa bado halijazama. Siku ya nne bando la intaneti likaisha. Mzee Futi alibaki peke yake kwenye kochi, akitazama kioo cheusi. Iliuma. Miaka yote hiyo pamoja, na sasa mkewe hataki hata kukaa naye?

Jirani yao alikuwa mwanamke fundi wa redio na televisheni. Mtaa mzima ulimwita Bi Waya. Asubuhi alikuja kuchukua gauni lake, akamkuta Mzee Futi amenuna.

"Kulikoni, kaka yangu? Uso umekunjamana kuliko kitambaa."

"Mke wangu amenichoka," Mzee Futi alisema. Akamweleza yote.

Bi Waya alisikiliza mpaka mwisho.

"Hebu niambie. Ulipima nini kabla ya kujiunga?"

"Televisheni nayo inapimwa?"

"Haipimwi televisheni. Wanapimwa watu wanaoiangalia. Wewe umevaa suruali ya dereva wa lori, halafu unashangaa inakubana!"

Wakaingia ndani. Mke wa Mzee Futi alikuwa amewapa mgongo, anamimina chai.

"Shemeji, unapenda vipindi gani?" Bi Waya aliuliza.

Mke hakujibu. Aliendelea kumimina.

Mzee Futi akataka kuomba radhi kwa niaba yake. Bi Waya akamzuia kwa mkono. Akazunguka meza, akasimama mbele ya yule mama, akauliza tena polepole.

"Tamthilia," mke alijibu mara moja. "Za familia." Kisha akaona jinsi wanavyomtazama. Akaweka birika chini.

"Umeuliza mara ya pili, eti?"

"Ndiyo, shemeji."

Mke akakaa kitini. "Masikio yangu hayasikii vizuri tangu mwaka jana. Tamthilia zetu nilizifuata kwa kutazama nyuso na midomo. Hizi sinema za vita zinapiga kelele tu, maneno siyapati. Sikutaka Baba ajue. Nilisema atanihurumia."

Mzee Futi alihisi moyo wake unayeyuka. Mwaka mzima! Mara ngapi alimsemesha akiwa nyuma yake, asipojibiwa akanuna? Akaenda kukaa karibu naye, akamshika mkono.

"Nilidhani umenichoka, mke wangu."

"Nikuchoke niende wapi na umri huu?"

Wakacheka, macho yakiwa na machozi. Bi Waya naye akajifuta kwa ncha ya khanga.

"Masikio kwanza," alisema. "Nendeni hospitali yakapimwe. Usiogope, shemeji, mara nyingine kuna msaada. Sasa tuje kwenye televisheni. Kaka, leta daftari lako."

Mzee Futi akafungua ukurasa mpya. Juu kabisa akaandika: *Mke wangu.*

"Andika anachopenda," Bi Waya alisema. "Tamthilia za familia. Halafu anachohitaji ili aelewe. Huduma nyingi zinaweza kuonyesha maneno yanayosemwa kwa maandishi chini ya picha. Lakini si zote zenye maandishi ya Kiswahili. Hilo uliza kabla ya kujiunga."

"Na kile kiduara kinachozunguka?"

"Intaneti yenu ni ndogo, na picha mmeiweka kwenye ubora wa juu kabisa. Ukiushusha kidogo, picha haigandi ovyo, na bando halikimbii. Tena angalia kama huduma hiyo inafanya kazi kwenye televisheni yako. Nyingine zinakubali simu tu."

"Nijiunge na ngapi?"

"Moja. Mna macho mawili mawili tu! Kama kuna siku za kujaribu bure, jaribu. Ila andika tarehe zinapoisha, maana usipojitoa, wataanza kukukata pesa. Na kama hakuna, lipia mwezi mmoja, usilipie mwaka. Tena kabla hujaingia, tafuta mlango wa kutokea. Jua unajitoa vipi."

Mzee Futi aliandika kila kitu.

"La mwisho," Bi Waya alisema, akamnyooshea kidole. "Namba ya siri ya kulipia haitajwi kwa mtu. Hata kwangu. Ibadilishe sasa hivi, mimi nageuka ukutani."

Akageuka kweli, mikono mgongoni, mpaka mke akaangua kicheko.

Siku hiyo Mzee Futi alijitoa kwenye huduma ya dereva. Bi Waya alimwonyesha pa kubonyeza, lakini alimwacha abonyeze mwenyewe. Kwa wiki moja wakajaribu huduma nyingine bure. Tamthilia zilikuwapo, ila maandishi yalikuwa ya lugha wasiyoijua. Wakajitoa kabla ya tarehe. Ya pili ilikuwa na maandishi ya Kiswahili. Mke alichagua herufi kubwa za njano. Hospitali nako wakaenda, wakapangiwa siku ya kurudi kuchukua kifaa cha masikio.

Baada ya wiki chache, saa kumi na moja jioni, dereva wa lori alifika kuchukua suruali yake. Ilikuwa imebaki kushonwa pindo tu.

"Mzee, vipi ile huduma yangu?"

"Niliiacha. Ni nzuri, lakini imeshonwa kwa kipimo chako."

Mara sauti ikatoka ndani. Siku hizi mke wa Mzee Futi aliita kwa nguvu kuliko alivyodhani, na nusu ya mtaa ilisikia.

"Baba! Njoo, inaanza! Nimekuwekea nafasi!"

Mzee Futi akaifunika cherehani. Akavua futi kamba shingoni, akaitundika msumarini.

"Na suruali yangu?" dereva aliuliza.

"Kesho," alisema Mzee Futi, akaingia ndani.