Kadi Mpya ya Kinasa Sauti

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, na mpaka leo akiyasimulia hushusha sauti. Kadi ya kumbukumbu ya bei chee ilikuwa imepoteza maneno yote aliyomrekodi marehemu mama yake, hivyo kabla baba hajatoka hospitali akaenda kutafuta kadi ya kuaminika ya kinasa sauti chake, ili naye amrekodi.

"Usidanganywe na maandishi ya pakiti, dada," muuzaji alimwambia, akifungua pakiti mpya. "Rekodi mpaka ijae, kisha isikilize yote."

Alikiacha kinasa kikirekodi chumbani kwa baba, akafunga mlango kwa ufunguo, akarudi kushona. Jioni umeme ukakatika. Akakaa gizani kwenye kitanda cha baba, akaanza kusikiliza. Kwa muda mrefu palikuwa kimya tu. Kisha ndani ya rekodi kitanda kikatoa mlio, kama mtu amekaa juu yake, na mama yake akasema taratibu, "Mzee wangu, tuondoke."

Kikafuata kikohozi cha baba, ambaye muda wote alikuwa amelazwa hospitali.

"Ngoja kwanza," akajibu. "Binti yetu bado anasikiliza."