Sindano ya Bibi Sabuni

Kila jioni kazi ikiisha, baba alimimina mafuta ya taa kwenye kitambaa, akajifuta mikono, kisha akampa binti yake. Baba alikuwa fundi wa kuandika mabango. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, na wote walimwita Brashi kwa sababu nywele zake hazikukubali kulala. Rangi ikishatoka, basi, mikono ni safi. Mama akiulizia sabuni, baba alimjibu kwamba mdudu wa kuvuka mafuta ya taa bado hajazaliwa.

Wiki hiyo walikuwa wakichora ukuta wa zahanati: sura za watu watatu walioupigania mji zamani. Daktari mwenye ndevu aliyeleta chanjo ya ndui, bwana afya aliyewasumbua watu wachimbe vyoo hadi mbwa wa mtaa wakamzoea, na muuguzi aliyeitwa Bibi Sabuni. Brashi alipewa huyo wa tatu. Katika picha ya zamani waliyopewa waifuate, bibi alishika kipande cha sabuni ya kufulia, amenuna kama aliyeng'ata ndimu.

Brashi aliona aibu kwa niaba yake. Kipindupindu kilikuwa mtaani, mtoto wa jirani alizikwa juzi. Sasa wagonjwa waje wakute shujaa ameshika sabuni kama tangazo la dukani? Akamchorea sindano ndefu, inayong'aa. Baba alicheka, akasema bibi amepandishwa cheo.

Muuguzi mkuu alipotoka hakucheka. "Mrudishieni sabuni yake," alisema, akarudi kwa wagonjwa wake. Sindano ikabaki.

Jioni Brashi aliingia choo cha zahanati, kilekile cha wagonjwa. Akajifuta mafuta ya taa kama kawaida, akaenda nyumbani. Mama alikuwa hajarudi, basi akampondea mdogo wake ndizi kwa vidole, akamlisha. Mdogo huyo walimbeba kwa zamu maana alikuwa mzito. Jina lake Kibonge.

Alfajiri ya siku ya pili Kibonge alianza kutapika na kuharisha maji matupu. Jua lilipotoka macho yamezama, analia na machozi hayatoki. Baba alimbeba mbio hadi zahanati, na safari hii hakuwa mzito hata kidogo.

Wakiwa wanamtundikia dripu, muuguzi aliuliza mtoto alilishwa na nani. Brashi alitazama vidole vyake. Angeweza kunyamaza.

"Mimi," alisema. "Nilitoka chooni hapa, sikunawa. Nilijifuta mafuta ya taa."

Baba akadakia kwamba mikono ilikuwa inang'aa, aliiona mwenyewe.

"Rangi ilitoka, fundi," muuguzi alisema. "Choo kilibaki."

Kwenye kitanda cha pili alilala msichana wa rika la Brashi. Mchana wakamfunika shuka, wakamtoa. Mama alishika mguu wa Kibonge kana kwamba kuna mtu anauvuta upande wa pili.

Alasiri Kibonge akakojoa. Alimlowesha baba shati zima, na baba, ambaye kwa tone moja la rangi hugomba siku nzima, alikaa tu akilia. Muuguzi akasema huo mkojo ni habari njema, mwili umepata maji.

Brashi akauliza kwa sauti ndogo kama si sindano iliyomwokoa.

"Imemwokoa huyu," muuguzi alisema. "Yule mwenzake alichomwa hiyohiyo. Bibi Sabuni alizika wanawe wawili ndipo akaanza kupita nyumba kwa nyumba akinawisha watu. Hilo jina walimpa kwa kumcheka."

Kibonge aliporuhusiwa, Brashi alirudi ukutani. Rangi nyeupe ya kwanza haikutosha, sindano ikachungulia; akapaka tena, na tena. Kisha akachora sabuni. Baba alikuwa akiandika chini yake maneno aliyoyaandika nusu ya mji: Kinga ni bora kuliko tiba. Alipomaliza, hakushuka kwenye ngazi.

"Mwanangu, miaka yote naangalia herufi zimenyooka tu," alisema. "Sikuwahi kuyasoma. Mkono kung'aa si kuwa safi, na anayejua lakini hafanyi hana tofauti na asiyejua."

Halafu akashuka, akaenda kwenye ndoo ya maji, akamwita Brashi amsugue kucha kwa sabuni.