Sweta la Kukamulia

Kinusio kilikunywa kijiko kimoja cha maziwa ya ng'ombe Kipusa, kikatulia kidogo, kisha kikaanza kuzunguka bandani kwa miguu yake sita. Kilikuwa kiroboti chenye ukubwa wa birika. Kazi yake ilikuwa kutambua ukoo wa bakteria walioingia kwenye maziwa na kufuata walikotoka, kwa kuwa bakteria wa samadi si wale wa maji, na wa maji si wale wa kiwele kinachougua.

Daktari Atupele Mwaisumo, mtaalamu wa maziwa huko Rungwe, alikifuata nyuma. Watoto wa chekechea walikuwa wameharisha vibaya baada ya kunywa maziwa, na uchunguzi ukaishia kwa Mzee Ambokile na ng'ombe wake mmoja. Sheria ya miaka hiyo haikuwa na huruma: chanzo kisipopatikana, ng'ombe anachinjwa.

Kinusio kilipita kwenye malalo bila hata kusimama. Kikanusa maji, ndoo, mipira ya roboti-mkamuzi; kote safi. Kiwele nacho kizima. Ndipo kikapanda mkono wa roboti na kuwasha taa nyekundu juu ya sweta la bluu lililozungushwa hapo na kufungwa kamba.

"Baba, hili linafanya nini hapa?"

"La marehemu mke wangu. La kukamulia." Mzee Ambokile alijikuna kidevu. "Alipofariki ndipo nikaletewa hii roboti. Kipusa akaikataa katakata. Mateke, na maziwa anayabana. Nikaivisha sweta. Siku hiyohiyo akashusha maziwa."

"Na hulifui?"

"Nikilifua si litakuwa sweta tu?"

Atupele alicheka bila kutaka. Kisha akaeleza taratibu, kama alivyozoea kuwaeleza wafugaji: matone ya maziwa hurukia sufu, bakteria huzaliana humo kwa joto la ng'ombe, na kila akikamuliwa hudondokea tena chomboni. Roboti ilijiosha yenyewe kila mara, lakini walioiunda hawakuwahi kufikiri kwamba ingevaa nguo.

"Lichemshwe, baba. Kipusa atazoea. Ng'ombe anafundishika."

"Simzungumzii ng'ombe, mwanangu."

Atupele alimwonea huruma kweli, ila baadhi ya wale watoto walikuwa bado wamelazwa, na mzee mwenyewe alilijua hilo. Hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Alifungua kamba, akazamisha uso ndani ya sweta, akakaa hivyo huku amempa mgeni mgongo. Kisha akaingia nalo jikoni, akalitumbukiza kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa yakitokota, na kulikandamiza kwa mwiko.

Lilipotolewa, kinusio kilipanda juu yake na kulipekua uzi kwa uzi. Taa ikageuka kijani.

"Hakuna chochote kilichobaki," kikatangaza.

Mzee Ambokile akaliokota sweta likiwa bado linachuruzika maji, akalinusa hata hivyo.