Simu Iliyobaki Brazili

Jiwe liliteleza, Jovin akabingirika bondeni. Doris akasikia kitu kikikatika, akadhani ni tawi. Kumbe ni kifundo cha mguu wa kaka yake.

Walikuwa wametoka kuzibua mfongo, mfereji wa wazee unaoshusha maji ya mlimani hadi kwenye kahawa na migomba yao kule Mwika. Doris aliufunga mguu kwa fimbo na kitenge, lakini ukungu ukawapoteza, na mvua ikawatwanga usiku kucha chini ya gogo. Hatimaye wakalala fofofo. Usingizi ni nusu ya kifo: walipoamka hawakujua kama ni asubuhi au jioni. Midomo ya Jovin ilikuwa imepauka. Usiku mwingine kwenye baridi ile asingeumaliza, na Doris alilijua hilo, akaogopa.

Chini yao palikuwa na maporomoko. Njia ya nyumbani ilikuwa mashariki. Magharibi ni korongo tupu.

Ukungu ukafunguka kidogo. Jua likachungulia upande wa kushoto.

"Saa ngapi?" Jovin aliuliza.

Doris akawasha simu; mtandao haukuwepo. "Imeandika tatu na kumi."

"Basi ni saa tisa alasiri. Jua liko magharibi. Twende kulia."

Wakaanza kujikokota. Lakini Doris tangu utotoni alikuwa mdadisi wa kuchosha watu. Walale mpaka alasiri, na nguo bado zinachuruzika maji?

"Kaka, simama! Saa ya simu sijaigusa tangu nirudi juzi kutoka mafunzo ya kahawa. Hiyo ni saa ya Brazili."

"Ndiyo nini sasa?"

"Dunia inazunguka kuelekea mashariki, sisi tunaliona jua kwanza. Mpaka livuke Afrika na Atlantiki yote liwafikie wao, sisi tumewatangulia saa sita. Mimi nimevuka bahari, simu imebaki ng'ambo. Kule ni saa tisa usiku, wamelala. Hapa ni saa tatu asubuhi. Jua lile liko mashariki!"

"Doris, ukikosea tunaingia korongoni."

"Najua."

Simu ikaisha chaji. Wakageuka, Jovin akiruka kwa mguu mmoja na kuuma kola ya shati asipige kelele. Ukungu ukafunga tena. Doris alihesabu makosa yake yote ya maisha, akaomba hili lisiwe mojawapo.

Kisha akasikia maji. Mfongo! Ulikuwa umejaa, yale yale maji waliyoyafungulia wenyewe. Wakaufuata kuteremka, na kwenye kona wakakutana na majirani wakipanda na mapanga, mama yao Mektrida mbele.

"Shikamoo, mama," Jovin alisema, akaanguka.

"Maji yalifika jana," mama alilia, "ninyi hamkufika!"

Hospitalini Moshi, Jovin akiwa na plasta hadi gotini, Doris aliichaji simu, akataka kurekebisha saa.

"Iache," Jovin alimzuia. "Ikiandika tatu ni saa tatu, ikiandika nane ni saa nane. Ndiyo simu ya kwanza kuiona inayojua Kiswahili."